Tsuneo Minagawa na Buluu Aliyoingoja Miaka Kumi na Minane

Tsuneo Minagawa, tunayemuaga leo Jumamosi tarehe 9 Machi 2024, alizaliwa pia siku ya Jumamosi, tarehe 9 Februari 1952, katika kijiji cha Anayama, nje kidogo ya mji wa Nirasaki, mkoa wa Yamanashi. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Kanji Minagawa na mkewe Tome, wakulima wa pichi. Mtoto wa kwanza ni Shigeko, ambaye ndiye aliyeandika wasifu huu na ndiye anayeusoma. Anaomba radhi mapema. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka thelathini na moja na hajawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya vitunguu. Mchungaji alimpa kurasa mbili, akazizidisha, basi mchungaji atavumilia.

Nyuma ya shamba lao kulikuwa na kilima cha mialoni, na kiangazi kikiingia mialoni ile ilijaa kuwagata, mbawakawa wale wenye taya ndefu kama pembe. Tsuneo aliupiga mti teke, Shigeko akakaa chini yake na kofia, wadudu wakaanguka. Siku moja mwezi wa Julai 1959 kofia ilijaa. Mtoto yule wa miaka saba akaona mahali pengine panapofaa, akawatia tisa ndani ya kopo la chakula cha mchana la dada yake. Shigeko alilifungua mbele ya darasa la watoto arobaini. Alipiga ukelele uliosikika ofisini, akasimamishwa ukumbini mpaka kengele ya mwisho. Alirudi nyumbani mkono umeshainuliwa tayari kwa kumzaba kofi, na mdogo wake akamtazama kwa wasiwasi wa kweli, akauliza, "Dada, wote tisa wapo?"

Hakuuliza habari za dada. Ndivyo alivyokuwa, na Shigeko hajamsamehe vizuri hadi leo.

Alisoma shule ya msingi Anayama, kisha shule ya kati mjini Nirasaki, kisha shule ya ufundi Kofu, alikohitimu Machi 1970 katika fani ya mitambo ya kupoza. Ripoti zake zote zimetunzwa. Hesabu alikuwa hodari. Chini ya kila ripoti, kwa mwandiko wa walimu tofauti, kuna maneno yaleyale: anatazama nje ya dirisha.

Aprili mwaka huohuo aliajiriwa na kampuni ya kutengeneza majokofu ya maduka, akaitumikia miaka arobaini na miwili, mpaka Machi 2012. Wengi mliokaa humu mmewahi kumwona amelala chali nyuma ya jokofu la samaki, miguu tu ikionekana. Alijua baridi ya chumba kwa kuingiza shavu mlangoni, na mara chache sana kipimajoto kilimkatalia. Hakuwa mtu wa maneno. Mtu akimshukuru alijibu "Mh," na mtu akimlaumu alijibu "Mh," na ilibidi umzoee ili ujue tofauti.

Mwezi wa Agosti 1977 aliitwa kwenye duka la maua la familia ya Hosaka hapa Nirasaki, ambako jokofu la maua lilikuwa limeharibika. Alilitengeneza. Baada ya siku mbili akarudi kulikagua. Baada ya siku nyingine mbili akarudi tena. Binti wa duka, Sumie, wakati huo ana miaka ishirini na mitatu, alimtazama akifungua skrubu, akamwambia, "Fundi, jokofu hili ni zima kabisa. Nadhani mgonjwa ni wewe."

"Mh," akasema Tsuneo.

Walifunga ndoa tarehe 3 Novemba 1978 katika kanisa hili. Mungu aliwajalia mtoto mmoja, Kazuha, aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1981. Tangu siku hiyo wakaitana Baba Kazuha na Mama Kazuha, na hawakuwahi kugombana kwa jambo kubwa isipokuwa moja, na hilo lilikuwa na miguu sita.

Mwaka 2001, kwenye maonyesho ya wadudu mjini Kofu, Tsuneo alinunua jozi ya kuwagata wa upinde wa mvua. Asili yao ni misitu ya mvua ya kaskazini mwa Australia. Mgongo wao ni wa kijani unaong'aa, na pembeni mwa mabawa kuna wekundu wa shaba, mtu akiwatazama ataapa wamepakwa mafuta asubuhi hiyo. Sumie, anayeogopa hata nzi, alisema, "Wazuri. Sasa wapeleke kwa mwenyewe." Mwaka uliofuata kulikuwa na mabuu sitini, kila moja ndani ya chupa yake ya unga wa miti uliooteshwa uyoga, maana buu hula uyoga huo na kunenepa mpaka siku ya kulala ageuke. Chumba cha wageni kikapigwa mabamba ya kuzuia joto na kufungwa mtambo wa kupoza. Nyuzi ishirini na mbili, kiangazi na kipupwe. Mlangoni Tsuneo alibandika karatasi kwa mwandiko wake mkubwa: WAMELALA. ASIWATIKISE MTU.

Kiangazi Sumie alipika jikoni kwenye nyuzi thelathini na sita, jasho likimtiririka. "Baba Kazuha! Mimi nageuka supu huku, funza wako wanataka blanketi!"

"Wewe ukisikia joto unapiga kelele," alijibu. "Wao hawawezi."

Tarehe 18 Juni 2006 mmoja wa kizazi cha nne alitoka akiwa na alama ya buluu mabegani, ndogo kama kucha ya mtoto. Tsuneo alimpigia simu dada yake, na Shigeko akadhani kuna msiba, kwa sababu hakuwa mtu wa kupiga simu. "Dada, kuna buluu," alisema, akakata. Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja hapa duniani: kuwagata wa buluu tupu, asiye na wekundu hata kwenye ukingo wa bawa. Aliwaoza wenye buluu kwa wenye buluu. Kila kizazi kilichukua mwaka, mara nyingine mwaka na nusu, na kila kizazi buluu iliongezeka unene wa uzi. Wale waliotoka rangi ya kawaida hakuwauza wala kuwaachia msituni, maana mdudu wa ugenini haachiwi kwenye misitu yetu. Aliwatunza mpaka wafe kwa uzee, na wengine aliwapa watoto wa mtaa baada ya kuwaapisha kama mashahidi mahakamani.

Januari 2010 alitumia likizo yake kwenda Australia kuwaona wenye asili. Kule haruhusiwi mtu kugusa. Alizunguka msituni siku tisa na mwenyeji wake, siku ya nane wakampata mmoja juu ya gogo lililooza. Tsuneo alimtazama mpaka machozi yakamtoka, na alipokumbuka kamera mdudu alikuwa ameshajiondokea. Picha ipo sebuleni mwao ndani ya fremu nzuri. Ni picha ya gogo.

Kikohozi kilianza mwaka 2021. Alikificha, Sumie akakisikia. Tarehe 6 Oktoba 2022 daktari wa mapafu, mjini Kofu, aliwaonyesha picha na kuwaeleza kwa upole kwamba vumbi la uyoga alilolivuta miaka ishirini, kila alipofungua na kubadilisha chupa, lilikuwa limekausha mapafu yake, na palipokauka hapalainiki tena. Aache, na nyumba isafishwe. Walirudi kwenye gari. Sumie hakusema "Nilikwambia," ingawa alikuwa na haki ya kulisema mara mia. Alilia tu, na Tsuneo akamshikia mkoba.

Aligawa chupa mia mbili na sitini kwa wenzake wa chama cha wafugaji wa wadudu. Alibakiza jozi moja, dume na jike wenye buluu kuliko wote waliowahi kutoka mikononi mwake. Ukingo wa wekundu uliobaki kwao ulikuwa mwembamba kama unywele. Alimwambia mkewe, "Mama Kazuha, kizazi kimoja tu. Nitavaa barakoa."

"Na nikikataa?"

"Nitaacha."

Hapo ndipo palipomshinda Sumie. Mtu akikubishia, utapambana naye. Mtu akikwambia ataacha, na unamwona anavyoutazama ule mlango, utafanyaje? Alimkubalia. Jike alitaga, wakapatikana mabuu kumi na moja, chupa kumi na moja.

Tarehe 12 Januari mwaka huu alilazwa hospitalini Kofu, akipumua kwa mashine ya hewa. Kila asubuhi Sumie aliingia kile chumba ambacho kwa miaka ishirini alikipita kwa kukimbia, akamulika chupa kwa tochi na kumsomea mumewe kwa simu kile alichokiona. "Namba tatu ametengeneza kachumba kake. Namba saba amejikunja, mweupe. Eeh, Baba Kazuha, namba saba amenitazama!" Tarehe 3 Februari walikuwa wameshavua ngozi wote, wamelala ili wageuke. Mdudu aliyelala hivyo ni laini kama jibini ya soya na hana kinga yoyote. Hajui kushika kitu, hajui kujigeuza. Akibanwa upande mmoja, upande huo utatoka umepinda maisha.

Kisha daktari akasema Tsuneo anaweza kurudi nyumbani tarehe 17 Februari, akae na watu wake siku zilizobaki, mradi nyumba iwe haina hata chembe ya ukungu. Tarehe 15 Sumie alianza kazi peke yake, akiwa na umri wa miaka sabini. Alizibeba chupa zote kumi na moja mpaka stoo ya duka la maua, moja moja, kwa mikono miwili, hatua kwa hatua kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililofurika. Hakutikisa hata moja. Alikuwa ameisoma karatasi ya mlangoni kila siku ya maisha yake. Rafu ya stoo ilikuwa fupi, chupa hazikuweza kusimama. Akazilaza.

Akampigia simu kwa furaha kumpa habari njema. "Nimemaliza! Chumba kinang'aa! Na wako wote salama, nimewalaza vizuri kwenye rafu ya chini."

"Umewalaza?" aliuliza Tsuneo.

"Ndiyo."

"Chupa ziko ubavu?"

Hakumfokea. Shigeko alikuwepo pale kitandani, aliuona uso wake, na anashuhudia kwamba hakumfokea. Chupa ikilala ubavu, kachumba ka ndani nako kanageuka, aliyelala chali anajikuta amesimama kwa kichwa, na unga unamwangukia. Karatasi ilisema wasitikiswe. Haikusema wasilazwe. Tsuneo hakuandika hivyo kwa sababu kwake lilikuwa jambo lisilohitaji kuandikwa, na mke wake wa miaka arobaini na mitano hakuwa na namna yoyote ya kulijua.

"Sikiliza," alimwambia, akivuta pumzi kila baada ya neno la pili. "Sponji ya kijani. Ile unayochomekea maua. Unayo?"

"Ninalo katoni zima."

"Kata kipande. Chimba shimo kwa kijiko. Urefu wake, ongeza kidole. Kichwa kiwe juu kidogo. Laini chini, laini kabisa. Nyunyizia maji. Halafu fungua chupa, umwage... usimshike kwa vidole. Ateleze mwenyewe."

"Baba Kazuha, mimi siwezi. Mikono inatetemeka."

"Mikono inayochomeka maua ya maiti miaka hamsini haitetemeki," akasema. Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima, na baada yake muuguzi akamnyang'anya simu.

Sumie alichimba mashimo kumi na moja kwa kijiko cha chai, yule anayeogopa nzi. Watatu alikuta wameshapasuka. Wanane aliwatelezesha ndani ya sponji, akifumba jicho moja. Mnayaona maua haya yaliyozunguka jeneza? Ameyapanga Sumie jana, na yamechomekwa kwenye sponji kutoka katoni lilelile.

Tsuneo hakurudi nyumbani. Homa ilimpanda tarehe 16, na tarehe 17 ikapita. Chumba kilisafishwa bure, wadudu walihamishwa bure, na hakuna mtu wa kumlaumu, na hilo ndilo linalouma, kwa sababu ungelaumu ungepata pa kushika.

Ijumaa tarehe 1 Machi alikuwa hawezi tena kunyanyua mkono. Sumie na Shigeko walikuwa kitandani kwake. Aliuliza kwa midomo, "Wametoka?"

Sumie akajibu mara moja, "Mmoja ametoka. Leo asubuhi."

"Rangi?"

"Buluu."

"Wekundu... pembeni?"

"Hakuna, Baba Kazuha. Buluu tupu. Kama bahari ya kwenye kalenda."

Alimtazama muda mrefu. Kisha akasema, "Asante, Mama Kazuha," akafumba macho. Alifariki Jumapili tarehe 3 Machi 2024, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mbili.

Mlio na karatasi mkononi, hapa ndipo zinapoishia. Yaliyobaki Shigeko hakuyapeleka kwa mpiga chapa.

Hakuna aliyekuwa ametoka tarehe 1 Machi. Sumie alidanganya. Jumatatu usiku alimkiri wifi yake jikoni, ameshika kijiko kilekile cha chai, hawezi kula. "Wifi, nimewaua wadudu wake, halafu nikamdanganya akiwa anakufa. Ameondoka na uongo wangu. Nitamtazamaje nikimkuta huko?" Shigeko angeweza kumjibu palepale. Lakini Sumie angesema wifi yake anatunga kumliwaza, maana wanajuana. Kwa hiyo amelingoja jeneza, mchungaji na ninyi nyote, mahali ambapo hata Shigeko hawezi kutunga.

Sumie, sikiliza. Siku ile ulipotoka kwenda kuchota maji, Tsuneo alifumbua macho, akamwita dada yake kwa kidole. Akamwambia, "Hesabu. Walilala tarehe tatu. Mapema kabisa ni tarehe sita mwezi huu. Hakuna aliyetoka."

Dada yake akamuuliza, "Sasa mbona umemshukuru?"

Akapumzika, akavuta hewa, akasema, "Mama Kazuha hajui kudanganya. Miaka yote hii, hata zawadi ya siku ya kuzaliwa alishindwa kunificha. Leo amejaribu." Na akacheka, kicheko kile kidogo cha puani. "Kama bahari ya kwenye kalenda," alisema.

Alijua, Sumie. Alikushukuru huku anajua.

Tsuneo aliweka hesabu sahihi, kama kawaida yake. Wa kwanza alitoka Jumatano, tarehe 6. Hadi jana jioni walikuwa wametoka sita. Wawili wana bawa lililopinda. Wote sita ni wa kijani na wekundu pembeni, buluu ya wazazi wao imewaruka, wazuri, wa kawaida kabisa, kama wale aliowagawia watoto wa mtaa. Mwingine alikuwa amegeuka mweusi ndani ya sponji, amekufa. Akabaki mmoja, namba saba, yule aliyemtazama Sumie.

Leo asubuhi, watu wa gari la maiti wakiwa mlangoni, namba saba alivua ngozi. Mabawa yamenyooka. Lakini kuwagata akitoka, mabawa yake huwa meupe kama karatasi, na rangi huja polepole, saa hadi saa, siku nzima, pengine mbili. Hakuna wa kuiharakisha, na hakuna wa kuichagua. Kipande chake cha sponji kimo ndani ya kisanduku cha keki, na kisanduku kipo mapajani mwa Sumie, hapo benchi ya mbele. Amekataa kukiacha nyumbani. Atakwenda nacho mpaka kwenye tanuru la kuchomea maiti na kurudi nacho. Jirani yake, tafadhali asimgonge na kiwiko.

Marehemu ameacha mke, Sumie, binti, Kazuha, mjukuu mmoja, Hinano, dada, Shigeko, kuwagata sita wa kijani, na mmoja ambaye rangi yake bado haijajulikana.

Tsuneo sasa amelala. Apumzike kwa amani. Asimtikise mtu.